Gundi ya Madaftari

Kila akitoka shule, Chiku hukaa kwa babu yake, Mzee Jumbe, fundi baiskeli wa Makorora, akizamisha tyubu ndani ya beseni la maji kutafuta mapovu ya pancha. Mzee Jumbe naye hazibi pancha bila kusimulia. "Kiraka changu kimoja," husema, "kilimtoa mtu Pangani na gunia la nazi. Baiskeli ikafa njiani, kiraka kikafika!"

Siku moja jirani yao Godlisten alileta baiskeli yenye pancha. Alasiri alitaka kumpeleka mdogo wake, Queen, kliniki akabadilishiwe bandeji ya mguu.

"Ziba, mjukuu wangu. Mie naenda kuswali," babu akasema.

Chiku akaminya solusheni, ile gundi ya viraka. Hata tone! Jana yake yeye na wenzake waliimaliza kwa kuiviringisha iwe vipira vya kudundisha. Akatoa gundi ya madaftari mkobani, akabandika kiraka bila hata kupiga msasa, akajaza upepo. Godlisten alipomshukuru, Chiku aliinamia beseni.

Jua halijazama, hao wanarudi: Godlisten akisukuma baiskeli, Queen akichechemea na machozi yamemkaukia mashavuni. Tairi liliisha upepo njiani, na kliniki walikuta imefungwa.

Babu akachomoa tyubu. Kiraka kikadondoka chenyewe.

"Zubeiri huyo!" akafoka. "Miaka thelathini namwita rafiki, leo ananiuzia solusheni feki! Atanitambua!" Akavaa kofia, huyoo, dukani.

Chiku akamtazama akitokomea. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Mzee Zubeiri ndiye anayempa kashata kila Ijumaa. Akatimua mbio.

"Babu, simama! Si yeye! Solusheni nimeimaliza mimi kwa mchezo. Nikabandika kwa gundi ya madaftari."

Babu akasimama, akavua kofia. Kisha akamshika mkono, wakaendelea hadi dukani.

Walinunua solusheni kwa Mzee Zubeiri yuleyule. Chiku akapiga msasa, akapaka, akasubiri ikauke, ndipo akabandika. Akamwomba Queen radhi. Asubuhi Godlisten alipompeleka kliniki, Chiku aliwafuata kwa miguu, pampu begani. Haikuhitajika.

"Solusheni ikiisha, sema imeisha," babu alimwambia aliporudi. "Tyubu ikitoboka, naziba. Jina la mtu asiye na kosa likitobolewa, hata mimi, Jumbe, sina kiraka chake."

Na Mzee Jumbe si mtu wa kukiri kirahisi kwamba kuna kitu hakiwezi.