Somo la Arobaini na Moja

Somo la arobaini na moja halikufundishwa na mtu yeyote. Jumatatu jioni kompyuta ya maabara ilikuwa na masomo arobaini. Jumanne alasiri, watu waliporudi kutoka chakula cha mchana, lilikuwa limeongezeka moja, lililorekodiwa saa saba na nusu, na sakafu ya chumba cha ndani ilikuwa imelowa.

Daktari Hesbon, mkuu wa maabara, alimgeukia mwanafunzi wake Wairimu, kwa kuwa mzaha wote wa nyumba ile ulianzia kwake. Ndiye aliyelibandika jina la Philip sanamu la mpira lililolala kitandani badala ya mgonjwa, na kila asubuhi alilijulia hali kabla ya kuwasalimu binadamu.

"Si mimi, Daktari," Wairimu alisema. "Saa saba na nusu nilikuwa nakula wali. Uliza mwenye hoteli."

Chuo kikuu kilikuwa kimekodi nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu ili kuunda mkono wa roboti wa kuwaogesha wagonjwa wasioweza kuinuka. Kuufundisha hakukuwa na ugumu. Unabonyeza kitufe cha kijani, mkono unalegea, unaushika na kuuongoza kama unavyomshika mtoto anayejifunza kuandika, nao unakumbuka kila ulikoupitisha. Waliuweka katika chumba cha ndani kabisa kwa sababu kilikuwa na mfereji sakafuni wa kutolea maji. Hesbon, mtu wa bara, alifurahi mno kuukuta. Hakuuliza ulichimbwa kwa ajili gani.

Ruwaida angeweza kumwambia. Yeye ndiye mwenyeji pekee katika kazi ile, na nyumba yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Alijua kwamba chumba cha ndani ndimo walimozaliwa bibi zake na ndimo walimooshwa walipokufa, kila mmoja, na maji yao yote yakashuka na mfereji ule. Lakini alikuwa injinia, na aliona haya kuwaeleza wenzake mambo ya wazee. Akanyamaza, na kunyamaza huko kukaja kumtokea puani.

"Ruwaida, leo umeoga na dawa ya nondo?" Wairimu alimtania siku hiyo. "Unanuka kabati ya shosho, kabati ya bibi kizee."

Ruwaida alicheka kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua, naye hakukumbuka kushika maji. Mchana, mji mzima unapolala, alikuwa amelala kwa mama yake, mlango wa pili kutoka pale.

Hesbon aliuamuru mkono urudie lile somo geni. Ukashusha sponji kwenye beseni, ukaanza. Upande wa kulia wa Philip, kutoka begani hadi mguuni. Kisha wa kushoto, hadi pajani tu. Kisha kulia tena. Ulikwenda kwa upole ambao hakuna kati yao aliyewahi kuufundisha. Mwisho ukaweka sponji kando, vidole vyake vya chuma vikaenda kichwani kwa Philip, kwenye mpira mtupu usio na unywele hata mmoja, vikaanza kusuka. Msuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukasimama.

"Ni kitu gani hiki?" Hesbon aliuliza.

"Si kuogesha mgonjwa," Ruwaida alisema kwa sauti ndogo. "Hivyo ndivyo anavyooshwa mwanamke aliyekufa."

Kila siku baada ya hapo lilizuka somo jipya, saa ileile ya mchana mji unapolala, na kila moja lilianza upya na kwenda mbele kidogo kuliko la jana. Chumba kikaanza kunuka majani ya mkunazi na karafuu maiti, vitu vya kuoshea wafu. Wairimu aliacha mzaha, na Philip hakusalimiwa tena. Katika somo la arobaini na sita mkono ulifika kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ukapunguza mwendo, ukakizunguka pole pole pasipo kukigusa, kana kwamba palikuwa na kidonda. Ruwaida aliona hivyo akaketi chini sakafuni, kwenye maji.

Dada yake Rawiya alikuwa na kovu pale. Alikatwa na chaza akiwa na miaka tisa, na mpaka ukubwani hakupenda paguswe. Rawiya alikuwa mwalimu kisiwani Pate. Miaka miwili na miezi mitatu nyuma, boti aliyopanda kwenda Mtangawanda, bandari ya kisiwa hicho, ilipinduka. Wote walipatikana, wazima na maiti, isipokuwa yeye. Mama yao, Bi Saadiya, alikataa matanga, akakataa kisomo cha khitma, na viatu vya Rawiya vilikuwa bado mlangoni, vinapanguswa vumbi kila Ijumaa. Waliokuja kutoa pole aliwarudisha kwa neno moja, kwamba yuko njiani anakuja: "Mwanangu yu ndiani."

Kwa hiyo Ruwaida hakuwahi kumlilia dada yake mbele ya mama yake. Kitu kimoja tu kilimkosesha usingizi miaka yote hiyo, kwamba Rawiya yuko mahali fulani, hajaoshwa.

Hesbon hakuamini majini. Alificha simu yake katika kidaka cha ukutani ikirekodi, akaenda kula. Aliporudi aliitazama yeye na Wairimu, kisha wakamwita Ruwaida, kwa sababu hawakuona namna ya kumficha.

Katika picha mlango ulifunguka, akaingia Ruwaida mwenyewe, miguu mitupu, amejitanda kanga, macho wazi yasiyotazama kitu. Akabonyeza kitufe cha kijani. Akaushika mkono wa roboti kwa mikono yake miwili, akauongoza juu ya sanamu, kulia, kushoto, kulia, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko, na midomo yake ilikuwa ikisema, kwa sauti nzito ya mwanamke mzee sana ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia, sauti ya kubembeleza, ya mtu asiye na haraka yoyote duniani: "Taratibu. Taratibu. Yuwaona baridi."

Ruwaida alitazama mpaka mwisho. "Mwiteni mama," akasema.

Bi Saadiya alikuja na Mwalimu Shuaib, ambaye alikuwa amewasomea watu wengi waliopandwa na majini na hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alimketisha Ruwaida karibu na mfereji, akasoma. Alisoma tangu alasiri hadi kivuli cha ukuta kikafika mlangoni, na alipofika mahali fulani ile sauti nzito ikamtoka Ruwaida kifuani.

"Sikumuua mimi," ilisema. "Nimemkuta tini ya mai, baharini, amekwisha. Mamaze wote wameoshwa humu, nami natazama. Huyu peke yake hakuya."

"Umeingia kwa binti wa watu. Toka."

"Mimi sina mikono, Mwalimu. Nimeazima. Umesalia upande wa kushoto na karafuu maiti, basi."

Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya Ruwaida mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomtoa Wairimu chumbani akilia. "Mwalimu, naomba umwache amalize. Ni dada yangu."

"Dada yako amekufa maji, na aliyekufa maji ni shahidi, ana daraja yake peponi," Mwalimu Shuaib alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mungu hakungoja beseni lako. Jini huyu leo ameazima mikono, mwanangu. Kesho atataka na vilivyobaki."

Akaendelea kusoma. Mfereji uliokuwa mkavu ukagugumia, ukameza kitu kirefu, ukanyamaza. Ruwaida aliinua kichwa, akaitazama mikono yake, akalia kilio ambacho hakikuwa cha mtu aliyepona. Bi Saadiya alisimama ukutani akiutazama mfereji. Mwalimu aliagiza masomo yote ya jini yafutwe, na Hesbon akasema atayafuta.

Wiki tatu zilipita pasipo somo geni hata moja. Chuo kikapata jengo jipya Kililana, bara, na maabara ikaanza kufungwa. Siku ya mwisho, Ruwaida alimkuta Hesbon akizungusha nyaya.

"Daktari, uliyafuta?"

Hesbon aliuweka chini waya alioushika. "Sisi watu wa utafiti hatufuti kitu, Ruwaida. Ni ugonjwa wetu. Nilijaribu, kidole kikakataa."

"Basi ni faili tu. Hakuna jini ndani yake."

"Ni faili tu. Ni mikono yako mwenyewe, mkono unairudia."

"Naomba umwite mama."

Bi Saadiya alikuja na mtungi wa maji, majani ya mkunazi, karafuu maiti na kanga mpya. Aliitandaza kanga juu ya sanamu, kuanzia kifuani hadi magotini, akairekebisha mara mbili. Kisha akageuka.

"Bwana Hesbon, huyu ni mwanamke. Tuate."

Hesbon alitoka, akasimama uani. Wairimu alibaki kwenye kompyuta, akafungua somo la mwisho. Lilikuwa la dakika kumi na tisa, na lilikomea kwenye goti la kushoto, katika mzunguko wa mwisho, wa karafuu maiti. Mkono ukaanza. Bi Saadiya alimimina maji, Ruwaida alisimama kichwani kwa sanamu ameshika taa ya simu. Kulia, kushoto. Misuko mitatu juu ya mpira mtupu, na kwa kila msuko Bi Saadiya alifumba macho. Dakika ya kumi na nane mkono ulianza kushuka paja la kushoto. Ya kumi na tisa ukafika gotini.

Kwenye kioo cha kompyuta maandishi yakatokea kwamba somo limekwisha. Mkono haukusimama.

Ulivuka goti, ukateremka muundi taratibu, na kutoka kwenye mfereji ikapanda harufu ya bahari, nzito, ya maji ya kina kirefu.

"Bi Saadiya," Wairimu alinong'ona, kidole chake kikiwa juu ya kitufe chekundu, "faili imeisha. Si sisi tunaouendesha mkono sasa. Wacha nizime, tafadhali."

"Mwate amalize."

"Ruwaida?"

Ruwaida alikumbuka maneno ya Mwalimu, yote, na alijua gharama yake ingemwangukia nani. Akatikisa kichwa, asizime. Wairimu akaondoa kidole.

Mkono ulifika kwenye kifundo cha mguu, ukakizunguka polepole pasipo kukigusa. Ukaosha wayo na kila kidole. Halafu ukaweka sponji kando, ukaivuta kanga hadi juu, ukaufunika uso, ukalala kimya.

"Amefika," alisema Bi Saadiya.

Kisha akasema inna lillahi, maneno aliyoyakataa miaka miwili na miezi mitatu, akaketi sakafuni na kumlilia mwanawe. Ruwaida hakuenda kumshika. Alikuwa ameficha mikono yake ndani ya buibui, kwa sababu hakuwa amegusa maji siku ile, na vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimelowa na kukunjamana.