Matufaha Makali ya Bibi

Soko lilikuwa limefurika Jumamosi ile. Mwokaji mmoja, dada mwenye gauni la njano na maringo yake kidogo, akaokota tufaha lenye ganda gumu na madoadoa, akaling'ata bila hata kuomba. Macho yakamtoka.

"Hili tufaha au limau?"

Muuzaji akacheka mpaka akashika mbavu. Kazi yake hasa ilikuwa ufundi wa baiskeli. Matufaha aliyachuma kwenye mti wa zamani wa bibi yake. "Pole, mrembo. Haya hayaliwi mabichi. Hayo mekundu ya kung'aa yakiona moto yanageuka uji. Haya ukiyaoka, kila kipande kinabaki kizima."

"Na yakiniaibisha?"

"Nipigie unitukane. Namba hii hapa."

Alipiga jioni ileile, mdomo umejaa pai. "We fundi! Harufu imewatoa majirani nje! Nitapata wapi mengine?"

"Mti umebaki huo mmoja tu, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Ulimi umeteleza. Ila siurudishi."

Mambo yakanoga. Bibi akamfundisha dada wa watu kupika jamu, mchuzi wa kulia nyama, hata siki ya maganda. Naye fundi akaapa mbele ya wote wawili kwamba mti ule hakuna atakayeugusa.

Siku moja mwokaji akaenda kumshtukiza, kitambaa kipya kichwani. Akamkuta juu ya ngazi kwenye mti ule, msumeno mkononi, matawi yamezagaa chini, trekta linanguruma getini. Hakuuliza. Jamani, kuuliza kunagharimu nini? Akageuka na kuifungia namba yake.

Mwezi mzima akaoka pai za matufaha mekundu, zikawa uji kweli. Wateja wakanuna. Yeye akawa analia jikoni, akiulizwa anasingizia vitunguu, na duka lenyewe ni la keki.

Asubuhi moja fundi akaingia dukani, shati limenyooshwa, mkononi kopo lenye mche wa majani mawili.

"Uliukata mti wa bibi," mwokaji akamwambia.

"Baba mdogo aliuza kiwanja bila kutuambia. Nilikuwa nawahi vijiti vya kubebesha, yaani kuviunganisha kwenye miche mipya ili mti usipotee, kabla trekta halijaingia. Nilibebesha ishirini. Umeshika huu tu."

Mwokaji akakaa kwenye gunia la unga, aibu imemjaa. "Nisamehe, mwenzio. Nilikukosea."

"Nimeshasamehe. Sasa nina shida. Mimi nimepanga chumba, sina pa kuupanda. Wewe una ua."

"Huo mche utazaa lini?"

"Miaka minne, ukimwagiliwa kila siku."

"Na nani atamwagilia?"

"Mimi. Ila sitaki kuingia kila siku kwenye ua wa watu kama mgeni. Nataka niingie kama mume."

Wateja wakageuka kutazama, keki mikononi. Mwokaji akafuta machozi, safari hii hakusingizia chochote.

"Mwambie bibi aje kwetu kuleta posa," akasema. "Halafu chukua jembe, tukachimbe shimo kabla jua halijawa kali."