Donge Kwenye Mpira

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, mashine ya kufyonza vumbi ilinguruma katikati ya sebule, ikapita juu ya makombo ya mkate, na makombo yakabaki palepale. Kisha ikaanza kunuka kuungua.

"Umeshaiua," alisema mama mwenye nyumba. "Umefyonza maji."

"Sijafyonza maji, mama."

"Hawa hawakubali kosa hata siku moja," alidakia bibi, mama mkwe wake, kutoka kwenye kochi. "Mrudishe kwao."

"Saa sita ikifika hujaniambia ulichofanya, funga virago," alisema mama mwenye nyumba.

Msichana wa kazi, ambaye nyumba nzima walimwita Kimya, hakulia. Aliiburuta mashine hadi barazani. Kama ni kufukuzwa, angefukuzwa kwa kosa lake, si la mtu mwingine.

Mfuko wa vumbi haukuwa umefika hata nusu. Chujio lilikuwa safi. Akachomoa mpira mrefu wa kufyonzea, akaiwasha mashine na kuweka kiganja kwenye tundu lake: kikavutwa kwa nguvu. Mashine ilikuwa nzima. Akachungulia bomba la chuma, akaona mwanga upande wa pili. Akadondosha punje ya haragwe kwenye mpira. Haikutoka.

Akaingiza mpini wa ufagio, akasukuma taratibu kurudisha uchafu ulikoingilia. Likatoka donge la karatasi za chooni, kubwa kama yai.

Mdomo wa brashi haukupitisha hata kidole. Kwa hiyo mtu alichomoa brashi kwanza. Yeye hakuwahi kuichomoa. Dereva ndiye huichomoa, akisafisha viti vya gari.

Alimkuta getini. "Kaka, mashine umeichukua lini?"

"Gari liko gereji tangu Jumanne, dada. Nifyonze viti gani, hiki cha plastiki nilichokalia?"

Na Alhamisi mashine ilifanya kazi vizuri. Ilibaki Ijumaa: mama kazini, yeye sokoni kuanzia saa nane hadi saa kumi, bibi peke yake.

Akafungua karatasi moja ya lile donge. Ndani mlikuwa na kidonge cheupe, kimeyeyuka nusu. Akafungua ya pili. Kidonge.

Saa tano na nusu aliweka sahani mezani, vidonge kumi na kimoja juu yake.

"Mama, dawa za bibi unampa mwenyewe?"

"Kila asubuhi. Namwona anameza."

"Anaziweka chini ya ulimi. Zilikuwa kwenye mpira."

Mama mwenye nyumba akageuka. "Mama, ni kweli?"

"Usinitazame hivyo," alisema bibi. "Nikimeza nalala mchana kutwa kama gogo. Ndoo ya taka anamwaga huyu, na ngazi za chooni sipandi bila kushikwa mkono. Nikazikusanya hadi jana. Ningezitupa wapi? Siku kumi na moja hizi nimekuwa macho."

"Ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu?"

"Yeye angepata kazi kwingine. Mimi siku zangu ningezipata wapi?"

Mama mwenye nyumba akashusha pumzi. "Basi, yameisha. Jumatatu tutamwomba daktari abadilishe dawa. Kimya, malizia sebule."

"Hayajaisha," alisema Kimya. "Mmenisema hapa. Niombeni radhi hapa. Wote wawili."

Akavuta kiti cha meza kubwa, akakaa.

Bibi ndiye aliyeanza. "Nisamehe, mwanangu. Nilikusingizia."

Kimya akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mama mwenye nyumba, akasubiri.