Ua wa Jirani

"Ilani ya Mwisho, Toleo la Tatu, Kuhusu Majani Yaliyozidi Kimo Kilichoidhinishwa." Ndiyo barua ya manispaa aliyoletewa rafiki yangu, fundi cherehani. Mkaguzi angefika kesho yake saa mbili asubuhi.

"Mwenzako hapo jirani ua wake unalambika, baba," mkewe alimwambia. "Wetu hata nyoka anapotea njia."

Neno lilimchoma. Alfajiri, giza bado zito, akameza aibu akaenda kwa huyo jirani, mzee mstaafu, kuazima fyekeo. Nyuma ya nyumba alisikia ufagio: chwa, chwa, chwa. Akawasha tochi. Mchanga wa uani ulikuwa na mistari ya ufagio tu, bila unyayo hata mmoja. Akauvuka kwa haya, kama anayekanyaga mkeka wa watu kwa viatu, akabisha hodi.

"Jirani, ni mimi, baba majani!"

Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Kisha akausikia ufagio tena, safari hii mgongoni kwake, karibu kabisa. Ukanyamaza.

Ananiapia kwamba alipogeuka na tochi hakuona mtu. Nyayo zake zote, tangu getini, zilikuwa zimefagiwa mpaka kwenye visigino vyake.