Hodi Isiyoitikiwa

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofunika cherehani yake na kukimbilia steshenari ya jirani, roho juu. Mwalimu mmoja alikuwa amempigia simu akifoka: vipimo vya sare za wanafunzi alishavituma kwa barua pepe, tena akarudia, mbona kimya? Fundi hakuwa ameona kitu.

"Usitafute kwenye kikasha cha barua zinazoingia tu," alisema mama wa steshenari, akimsogezea kiti mbele ya kompyuta. "Tafuta jina lake kwenye Barua Zote."

Zikatokea. *Hodi Fundi, naomba upokee vipimo...*

"Hizi hazikupotea, zimechujwa. Kuna mtu kaweka kichujio humu."

"Kichujio? Kama cha chai?"

"Hichohicho. Tazama." Akafungua mipangilio. Kulikuwa na amri moja tu: barua yoyote yenye neno hodi isiingie kikashani, ihesabiwe imeshasomwa.

Hodi.

Fundi aliisoma amri hiyo tena. Neno hilo lilikuwa marufuku nyumbani kwake. Tangu wamzike Kitinda, mdogo wake wa mwisho, mumewe alikuwa ametundika kengele mlangoni na kumkaripia kila aliyebisha hodi kwa mdomo. Na barua pepe hii ni yeye aliyemfungulia. Nywila anaijua.

Kitinda, aliyekuwa akiishi nao, alikutwa amekufa kisimani, nyuma ya nyumba yao, Fundi akiwa safarini kwenye mafunzo ya ushonaji. "Alikununia," mumewe alimwambia siku ya mazishi. "Ndiyo maana hakukuandikia hata neno." Maneno hayo yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Alilala nayo, akaamka nayo.

Mama wa steshenari alikifuta kichujio, akaenda kumhudumia mteja mwingine. Fundi akaandika *hodi* kwenye sehemu ya kutafutia.

Zikamiminika. Za Kitinda.

*Hodi dada. Usiku shemeji ananigongea mlango wa chumbani. Rudi.*

*Hodi dada. Mbona hunijibu? Nimekukosea nini?*

*Hodi dada. Amejua nakuandikia. Anataka tuongozane kisimani.*

Fundi alilia bila sauti. Na mwanamume huyo alikuwa akimpakulia chakula kila siku, akimwambia pole! Machozi yalipokauka hakubaki na huzuni tena. Alibaki na hasira tupu, ya kutaka mtu alipe.

Ndipo harufu ikamfikia... Matope. Maji yaliyolala gizani.

Tone... Tone... Nyuma ya kiti chake.

Hakugeuka.

Barua mpya ikatokea juu ya zote, yenye tarehe ya leo.

*Hodi dada. Nipo mlangoni kwenu. Nina baridi. Nabisha kila siku, shemeji ananisikia, hataki kuitikia.*

Mama yao aliwalea hivyo: usivuke kizingiti cha mtu mpaka uambiwe karibu. Kumbe hata kisima hakikumsahaulisha Kitinda adabu. Fundi alifunga kompyuta, akajifunga kanga vizuri, akaenda nyumbani.

Aliingia kwa mlango wa uani, akamkuta mumewe amejikunyata sebuleni, jasho linamtiririka, macho kwenye mlango wa mbele. Maji yalikuwa yanapenya chini ya mlango huo.

"Mke wangu, kengele imekatika," alinong'ona. "Kuna mtu nje. Usimwitikie, nakuomba..."

"Hodi," ilisema sauti ndogo.

Fundi alivuta kiti, akaketi. Alimtazama mumewe usoni bila kupepesa.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Shemeji yako yupo."

Taa ikazimika.

Majirani walimtafuta yule mwanamume kila mahali. Kisimani hawakuona kitu ila kengele. Fundi alipoulizwa alisema hajui, na kwa kweli hakujua yote. Gizani alisikia tu kitu kizito kikiburutwa, na mkono wa baridi ukimgusa shavu kwa upole.

Sare za wanafunzi alizimaliza. Siku aliyorudi steshenari kumwandikia mwalimu, alikuta barua moja kikashani, kutoka anwani ya mumewe.

*Hodi mke wangu. Huku kuna giza. Niitikie.*

Aliisoma taratibu, kisha akamwita mama wa steshenari.

"Mama, samahani," alisema. "Kile kichujio kinawekwaje?"