Tiki za Jumapili

Duka la vitambaa lilijaa hadi mlangoni. Fundi cherehani, ndani ya gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe, alinyoosha mkono ashushe jora la hariri, mkono ukagoma usawa wa kidevu. Mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likakubali akamshushia.

"Bega hilo limekaza tangu lini, dada?"

"Tangu lini wateja wakawa madaktari?"

"Mimi si daktari. Natibu viungo. Njoo Jumatatu."

Akaenda, na Jumatatu zilizofuata akaenda. Kufikia mwezi wa pili, asiyeona kwamba wanapendana alikuwa hana macho. Kila jioni simu ililia.

"Mpenzi, umefanya mazoezi?"

"Nimefanya, bwana mkubwa."

"Na tiki umeweka kwenye karatasi niliyokupa?"

"Nimeweka."

Tiki aliweka kweli, Jumapili kwa Jumapili, zote saba kwa mkupuo mmoja. Mazoezi ndiyo hakuyagusa. Mwanzo ulikuwa uvivu tu. Baadaye ikawa hofu kwamba bega likipona, Jumatatu zitakwisha, na mwanamume atahamia kwenye mabega ya wengine.

Jumatatu moja fundi alimkuta ameinamia zile karatasi za tiki.

"Hujakosa hata siku moja," alisema mtibabu, "na bega halijasogea. Basi kosa ni langu. Zoezi nililokupa, lile la kupandisha vidole ukutani, niliona halifai, nimewaondolea wagonjwa wote tangu mwezi jana. Hata yule mwalimu mstaafu aliyekuwa ameanza kuchana nywele mwenyewe."

Mwalimu alikuwa pale nje, kwenye benchi, mkewe akimchana. Fundi alikuwa amempita akiingia, akamwamkia kwa furaha zote. Njia ya mwongo ni fupi, ila ya kwake ilikuwa imepita kichwani mwa mzee wa watu. Aliona haya.

"Sikufanya," akasema. "Hata siku moja. Niliogopa kupona."

"Na simu zote zile?"

"Nilikudanganya. Nisamehe. Mrudishie mwalimu zoezi lake."

"Nitamrudishia." Alizikunja karatasi taratibu. "Wewe nenda nyumbani."

Wiki tatu simu haikulia. Kisha mwanamume akaja kwenye karakana ya fundi kuchukua koti alilokuwa ameshonewa, akasalimia kama mteja yeyote. Macho yake yakaangukia ukuta wa nyuma ya cherehani, uliojaa mistari ya chaki.

"Hii nini?"

"Vidole vinapofika. Kila asubuhi."

"Mstari huu umeshuka."

"Siku hiyo iliuma sana."

"Na hapa umeruka."

"Hapo sikufanya. Nililia mchana kutwa."

Mwanamume akagusa ile nafasi tupu.

"Mwalimu anaendeleaje?" fundi akauliza. Swali hilo lilikuwa limemnyima usingizi.

"Amepoteza mwezi mzima. Ameanza upya."

"Nataka kumwomba radhi."

"Utamwomba kwa mdomo wako. Nitakusindikiza."

Akaokota chaki mezani, akanyoosha mkono wake mrefu, akachora mstari juu kabisa, karibu na dari.

"Ukifika hapa, nakuja kwenu kuonana na wazazi."

Fundi akautazama, machozi yakimlenga. "Ni mbali, mpenzi."

"Nitasubiri. Ila safari hii usiniwekee tiki."