Shingo, Bega na Alama ya Chaki

Kila siku baada ya masomo, Manati alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake kinyozi, akaweka mkoba pembeni na kushika ufagio. Alifagia nywele zilizoanguka chini ya kiti, akakung'uta vitambaa na kupanga brashi mbele ya kioo. Jina la Manati alipewa na wenzake wa timu ya mpira wa wavu, kwa sababu mpira alioanzisha yeye ulivuka wavu kama jiwe lililofyatuliwa.

Alifagia polepole makusudi, asije akakosa jambo alilolipenda. Mjomba alipomaliza kumnyoa mteja, alimpaka poda, kisha akamshika kidevu na kisogo na kukizungusha kichwa ghafla. Shingo ilitoa mlio: ka! Wateja waliita jambo hilo kunyooshwa shingo. Wengine walikuja kwa ajili ya mlio huo zaidi kuliko nywele.

Siku hiyo aliyekuwa kitini alikuwa fundi seremala, mtu wa miraba minne. Baada ya mlio, aliinua mkono wake wa kulia, akaushusha, akauinua tena.

"Ama kweli kinyozi una mkono," alisema. "Bega lilikuwa linanitesa, sasa jepesi kama unyoya."

Manati aliacha kufagia. Yeye pia alikuwa na bega la kulia lililomtesa, ila hakuwa amemwambia mtu. Jumamosi timu yao ingecheza na shule jirani, na mwalimu wa michezo alikwisha kusema kwamba mwenye maumivu atakaa benchi.

"Mjomba, umegusa shingo," alisema Manati baada ya mteja kuondoka. "Bega limepata wapi nafuu?"

"Mimi kinyozi, mama. Naona wanafurahi, basi."

"Nami ninyooshe."

"Bega lako lina nini?"

"Halina kitu. Nataka kujua tu."

"Shingo ya mtoto haichezewi. Fagia."

Kesho yake Manati alikuja na rafiki yake wa timu, msichana mrefu mwembamba aliyeitwa Kijiti. Mjomba alikuwa akimnyoa dereva wa lori. Wasichana hao wawili waliketi kwenye benchi la nyuma, wakanong'onezana.

"Nimemtazama mara nyingi," alisema Manati. "Kidevu huku, kisogo huku, halafu unazungusha."

"Nikikung'oa kichwa, nitamwambia nini mama yako?"

"Mwambie kilikuwa hakitumiki."

Walicheka kwa kujibana. Kijiti akasimama nyuma ya mwenzake, akamshika kidevu. Walisahau kwamba kioo cha kinyozi kinaona chumba chote. Mashine ya kunyolea ilinyamaza.

"Kijiti," alisema mjomba kwa sauti ya chini, "toa mikono. Taratibu."

Aliwafuata pale benchini, uso umembadilika. Dereva alijitazama kiooni, nusu ya kichwa ina nywele, nusu inang'aa.

"Kinyozi, na upande wa pili?"

"Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nywele hazitakimbia."

Hapo Manati hakuweza kuficha tena. Alieleza kwamba bega linamuuma kila anapoinua mkono, na kwamba kila jioni, baada ya mazoezi ya shule, hujizoeza peke yake kwa kuupiga mpira ukutani nyumbani. Mjomba alitikisa kichwa. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mikono ile ya Kijiti ilikuwa imekaa sawasawa na mikono yake mwenyewe anapomnyoosha mteja.

Asubuhi iliyofuata alimpeleka hospitali, katika chumba cha mtaalamu wa viungo. Ndani mlikuwa na kitanda kipana, mipira mikubwa ya kukalia na mikanda ya mpira iliyoning'inia ukutani. Mtaalamu, mama mwenye maneno machache, alimsikiliza Manati mpaka mwisho. Kisha alimsimamisha kando ya ukuta, akamwambia ainue mkono hadi maumivu yanapoanzia, na akapiga alama ya chaki hapo.

Baadaye akaanza kumgusa shingo.

"Samahani, mama," alisema Manati. "Linaloniuma ni bega, mbona unashika shingo?"

"Swali zuri. Mishipa ya fahamu inayouamrisha mkono hutokea shingoni. Na misuli mingine imeshika shingo huku na bega huku. Ni majirani wa ukuta mmoja."

Aliisogeza shingo ya Manati kwa vidole, taratibu, bila mlio wowote. Manati alipoinua mkono tena, ulipita alama ya chaki.

"Nimepona," alisema. "Jumamosi nacheza."

"Subiri. Mjomba, njoo na wewe."

Mjomba aliinua mkono, akapigiwa alama yake. Mtaalamu hakumgusa. Alimkalisha tu na kumwomba amsimulie habari za yule dereva wa nusu kichwa, wakacheka. Kisha akamwambia ainue mkono tena. Nao ukapita alama.

Manati alitazama chaki, akamtazama mjomba.

"Lakini yeye hukumgusa."

"Sikumgusa. Unadhani ni kwa nini?"

Manati alifikiri. "Labda mara ya pili mwili umekwisha kuchangamka."

"Labda. Au labda alitaka kunifurahisha. Shingo inaweza kulisaidia bega, lakini ni kiasi gani, na kwa muda gani, hata sisi bado tunachunguza. Sasa sukuma mkono wangu kwa nguvu."

Manati alisukuma, akakunja uso. Mkono ulikuwa umepanda, lakini nguvu haikurudi na maumivu yalikuwa pale pale.

"Na ule mlio?" aliuliza mjomba polepole.

"Ni vipovu vya hewa ndani ya maji ya kiungo. Hauthibitishi kwamba kuna kilichonyooka. Na shingoni hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Hata aliyesomea haizungushi kabla ya kuchunguza."

Mjomba alitazama mikono yake.

Bega la Manati lilikuwa limechoshwa kwa kupiga mno. Alikatazwa kwa muda kupiga mpira juu ya kichwa, akapewa mkanda wa mpira wa kuvuta kila siku, na akaambiwa amweleze mwalimu yeye mwenyewe. Alimweleza huku akitazama viatu vyake.

"Ungesema mapema ungepumzika kidogo," alisema mwalimu. "Sasa utapumzika sana."

Jumamosi Kijiti ndiye aliyeanzisha mpira. Walishindwa kwa tofauti ndogo, na Manati alilia pale benchini.

"Unalia nini?" alisema Kijiti. "Aliyeupiga nje ni mimi."

Manati alivuta mkanda wake siku baada ya siku, hata siku alizochoka. Muhula uliofuata alirudi uwanjani, na mpira wake ukavuka wavu bila maumivu.

Siku moja fundi seremala alikuja tena. Baada ya poda, aliegemeza kichwa na kungoja.

"Kazi hiyo nimeiacha," alisema mjomba. "Nenda hospitali, kwenye chumba chenye mipira mikubwa."

"Kwa mlio mmoja tu?"

Manati alisimamisha ufagio. "Samahani, fundi. Siku ile bega lilikaa jepesi mpaka lini?"

Seremala alikuna kidevu. "Mpaka nilipofika kazini na kushika randa."

Mjomba alicheka, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Ulianza vizuri, mwanangu, kwa kuuliza. Tulikosea tulipolishika jibu la kwanza kwa sababu lilitufurahisha. Wewe ukaficha maumivu, mimi nikashika shingo za watu bila kujua ninachofanya. Ukiumwa, sema. Na usichojifunza, usikifanyie majaribio kwenye mwili wa mtu."

"Basi nirekebishie hapa nyuma ya sikio," alisema seremala. "Nywele angalau unazijua."